Kabla hujapanda Kapsokwony

Mwanangu mpendwa,

Natumai mzigo huu umekufikia ukiwa mzima. Sisi huku Kisumu hatujambo, joto tu ndilo limetuzidi. Baba yako anakusalimu sana. Tangu uitwe kazini hajaacha kuwaambia watu pale steji kwamba binti yake ni muuguzi, na anapeleka mgonjwa wa kwanza kabla wewe hujavaa hata yunifomu.

Jana kwenye simu ulinieleza kwamba umepata mahali pa kulala Kapsokwony, kule Mlima Elgon unakoenda kazini, wiki za kwanza, kabla hujapata chumba cha kupanga. Ukasema picha zake ni nzuri, kuna maji moto ya bomba, na chini kuna baa na mkahawa. Mtandao ulikuwa unakatika na wateja walikuwa wamenizunguka pale sokoni Kibuye, nikakuambia ungoje nikuandikie. Basi nakuandikia.

Usilale juu ya baa, mama. Biashara ya vitunguu imenilaza kwenye lojing'i za kila aina, kuanzia Chwele hadi Kitale, kwa hivyo hili nalisema nikilijua. Muziki haunyamazi hadi karibu alfajiri. Vyumba vya jirani vinafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na mlevi aliyesahau chumba chake atausukuma mlango wako. Wewe unaingia zamu asubuhi, unapima dawa za watoto wa watu, unahitaji kichwa kilicholala. Maji moto ya bomba hayanitoshi kunyamaza.

Nataka ukae kwa ile familia ninayolala kwao mimi. Nimeshaongea nao, wanakungoja. Nyumba yao ni ya kawaida kabisa: vyumba vitano vya mabati vimejipanga upande mmoja wa uwanja, jiko la kuni upande wa pili, na wenyewe wanaishi nyumba ya katikati. Kuna nyanya, mwanawe na mkewe, na wajukuu. Bango lililo getini limeliwa na jua hadi halisomeki, lakini ukishuka steji mwambie mtu wa boda akupeleke kwa nyanya mwenye vyumba karibu na kanisa, atakufikisha bila kuuliza mara ya pili.

Mimi nilifikishwa pale na mvua. Tulikuwa tumepakia magunia, lori liko tayari, mara ikanyesha ile ya mlimani isiyopiga hodi. Udongo wa kule ni mwekundu na mzito kwa sababu Elgon ni volkano ya zamani sana; ndio unaotupa vitunguu vizuri na viazi, na ndio ukilowa hufanya barabara ziteleze hata lori likae kando ya mtaro hadi kesho yake. Dereva akalala garini. Mimi nikaonyeshwa geti lile nikiwa nimelowa hadi kwenye leso. Nyanya hakuniuliza ninatoka wapi wala nina pesa ngapi. Aliniweka kwanza karibu na moto, kitabu cha wageni kikaja baadaye pamoja na chai.

Kutoka Nakuru utapanda gari la Eldoret hadi Webuye, halafu Kimilili, na kutoka Kimilili unaanza kupanda. Fanya uwezalo ufike mchana. Ukifika, piga hodi hata kama geti liko wazi, na usubiri ujibiwe. Ile ni boma ya watu.

Chumba ukione kabla ya kulipa, na usione haya. Inua blanketi, tazama shuka, kalia godoro. Jaribu kufuli ukiwa ndani na ukiwa nje. Angalia dirisha kama linafungika vizuri, maana upepo wa usiku unashuka moja kwa moja kutoka msituni. Mke wa mwenye nyumba atasimama mlangoni akikutazama, na hatakasirika. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kumkataa mgeni anayelipa bila kutazama, maana huyo ndiye hulalamika baadaye. Bei mlipatane siku hiyo hiyo: kulala ni ngapi, chai ya asubuhi imo au haimo, chakula cha jioni ni kando au vipi, na ukikaa mwezi mzima wanakupunguzia ngapi. Mara ya mwisho mimi nililipa shilingi 800 na chai ikiwemo. Kama ofisi itakurudishia pesa, omba risiti kila wiki usingoje mwisho. Mzee, yule mwana wa nyanya, anaziandika kwa mkono, polepole, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa wengi niwajuao.

Kitabu cha wageni ukijaze sawasawa: jina, nambari ya kitambulisho, unatoka wapi na unaenda wapi. Kuna wanaoandika uongo mle. Wewe andika kweli, kwa sababu likitokea lolote usiku, kitabu hicho ndicho kitasema ulikuwa nani.

Sasa baridi. Unaniambia umeizoea ya Nakuru. Kule utakuwa mgongoni mwa mlima ambao kilele chake cha juu kabisa, upande wa Uganda, kinafika mita 4,321, na jua likishazama utajua. Nimekuwekea sweta mbili na ile blanketi nzito ya nyanya yako. Lakini kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote niliyoandika humu: usiingize jiko la makaa chumbani usiku. Utaona wengine wakifanya hivyo, wanafunga dirisha, wanajifunika, wanasema wamepata joto. Wewe umesomea mambo haya, unaijua kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayomchukua mtu akiwa usingizini bila kumwamsha. Kujua darasani ni kitu kingine na kujua saa nane za usiku miguu ikiwa barafu ni kitu kingine. Ukisikia baridi, amka, vaa soksi, ongeza blanketi. Wakikuletea jiko kwa upendo, washukuru, ote moto mlango ukiwa wazi, kisha ulitoe nje mwenyewe kabla hujalala.

Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni kwenye sufuria kubwa. Sema jioni kama utaoga alfajiri, kwa sababu lazima mtu aamke kabla yako kuwasha moto, na mtu huyo ni msichana wa shule ambaye naye ana kengele ya kuwahi. Beseni moja linatosha. Choo kiko nyuma, ni cha shimo na kinapigwa maji na sabuni kila asubuhi. Safi kuliko vingi vya kukaa nilivyoviona mjini. Nimekuwekea tochi. Stima hupotea mara kwa mara mvua ikinyesha, na taa yao ya sola ni ya sebuleni na ya wajukuu kusomea.

Jikoni ndiko nataka uzoee kukaa. Usichukue sahani yako ukajifungie chumbani na simu. Kaa pale kwenye kigoda. Moshi utakutoa machozi siku mbili tatu, kisha macho yatazoea. Chakula ni ugali wa mahindi yao wenyewe, managu au sukuma, viazi, maharagwe, na siku njema kuku. Chai yao ni maziwa kwanza, maji kidogo tu.

Kuna siku nilimkuta nyanya akitayarisha kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa. Alikuwa ameshakiosha na kukikausha. Akatoa kijiti cha mti wa senetwet motoni, ncha ikiwa kaa jekundu, akakiingiza kibuyuni na kusugua kuta za ndani akizungusha mkono taratibu, anatoa, anapuliza, anarudisha tena. Moshi mwembamba ukawa unatoka kwenye mdomo wa kibuyu. Jivu lililobaki akalikung'uta, na lililoshika ndani akaliacha, kwa kuwa ndilo linalompa mursik ile rangi ya kijivujivu na ladha yake, na ndilo linalosaidia maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika. Akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika, akakitundika. Hakuniambia neno kwa muda wote huo, nami sikuuliza. Alipomaliza akasema nikija tena nitakuta kimeiva. Niliporudi alinimiminia kikombe kabla sijaketi. Wewe maziwa ya mala ya dukani huyapendi, lakini haya utakunywa. Hata kikombe nusu, unywe.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale kwa kuwa unalipa, hakuna atakayekupa jembe, hata ukikaa mwaka. Watakupikia, watakufagilia, watakuita madam, na wakichoka hawatasema. Ndiyo maana nakuambia ulitafute jembe mwenyewe. Ulicholipia ni kitanda, shuka na chai. Kukungoja macho ukichelewa, kukuanulia nguo mvua ikianza, kukutuma mtoto akusindikize gizani, hayo hayamo kwenye shilingi mia nane. Wanayatoa bure, na wanampa yule wanayemwona ni mtu wa pale. Nimewaona wageni waliolala nyumba hiyo kwa miezi wakatoka bila kujua jina la mtoto hata mmoja, wakilalamika kwamba watu wa mlimani ni wagumu. Si wagumu hata kidogo. Walikuwa wakiheshimu mlango uliofungwa.

Kwa hivyo ukiwa huna zamu, menya viazi. Chambua managu pamoja na mama wa nyumba, hapo ndipo utasikia habari zote za mji: nani anapangisha chumba kizuri, ni duka gani hupunja, ni mtu gani wa boda wa kuaminika usiku. Saidia yule msichana na hesabu zake. Jifunze salamu yao ya Kisabaot siku ya kwanza, umsalimie nyanya nayo kila asubuhi kabla ya kusema jambo lingine, na ukimwita, mwite nyanya, usimwite kwa jina kamwe. Mzee mpe mkono wa kulia na ule wa kushoto ukishika kiwiko. Najua umelelewa hivyo. Nakumbusha tu kwa sababu miaka ya chuo inaweza kumsahaulisha mtu.

Geti hufungwa saa tatu usiku. Ukipangiwa zamu ya usiku, mwambie mzee mapema, umpe na ratiba yako ya wiki aibandike. Usimpigie simu saa tano ukiwa nje na mvua. Na wageni wako waonane nawe sebuleni, au hotelini mjini. Kama kuna kijana wa kukutembelea, na sikuulizi, aje mchana, asalimie watu, akae mahali anapoonekana.

Wakishajua wewe ni muuguzi, majirani wataanza kuja getini. Mama atakuja na mtoto anayechemka usiku wa manane. Hutaweza kumfukuza, nami sikuambii umfukuze. Toka, mtazame mtoto, mguse, umwambie mama kama ni wa kukimbizwa hospitalini sasa hivi au ni wa kungoja kupambazuke, na kama ni sasa hivi umwamshe mzee atafute boda. Lakini usiweke dawa za kugawa chumbani, wala usimdunge mtu sindano kitandani kwako, hata akikupigia magoti. Mtu akizidiwa mkononi mwako nyumbani kwa watu wale, mzigo hautakuwa wako peke yako, utaangukia na boma lao.

Jambo lingine nalileta kwa uangalifu. Sebuleni, juu ya redio, kuna picha ya kijana aliyevaa shati jeupe. Usiulize ni nani. Miaka ya 2006 hadi 2008 mlima ule ulipita kwenye moto kwa ajili ya mashamba ya Chepyuk. Kundi la vijana waliojiita jeshi la kutetea ardhi lilikuwa likiwatoza watu, likiwakata masikio, likiwaua. Kisha Machi 2008 wanajeshi wa serikali wakapanda, na kuna wanaume waliochukuliwa ambao hadi leo hawajarudi. Familia nyingi zilikimbilia huku chini, Kimilili, Bungoma, hata Kitale. Wewe ulikuwa mdogo. Ukikaa jikoni muda wa kutosha, kuna jioni nyanya ataanza mwenyewe, kama alivyoanza kwangu, katikati ya kuchambua maharagwe, bila utangulizi. Akianza, acha kila kitu umsikilize. Usimwambie pole haraka, usimlinganishie na habari nyingine, usiulize ni upande gani ulifanya nini. Hospitalini pia utawakuta, mtu mzima anashtuka ukimshika bega kwa nyuma, au mama anayekataa kabisa kulazwa wodi iliyo mbali na mlango. Sasa utajua walikotoka.

Kuhusu yale mapango uliyoniambia unataka kwenda kuyaona siku ya mapumziko. Kitum ni pango la kushangaza, nakubali. Ndovu huingia gizani usiku wakakwangua ukuta kwa pembe zao ili wale chumvi, na pango linaingia mlimani kama mita 200. Lakini liko ndani ya mbuga, upande wa Endebess kule Trans Nzoia, si la kuendea kwa miguu kutoka kwa nyanya. Ukienda, ingia kwa geti la Chorlim na askari wa wanyamapori, usiende na vijana wa kukuahidi njia za mkato. Na kuna habari unayopaswa kuijua wewe zaidi kuliko mtalii: mwaka 1980, na tena 1987, watu wawili waliokuwa wamelitembelea pango hilo walishikwa na virusi vya Marburg, wote wawili wakafa. Daktari aliyemhudumia yule wa kwanza Nairobi naye aliambukizwa, ila alipona. Virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda. Tazama kutoka mdomoni, pale wanaporuhusu, usiende kushikashika kuta na mavi ya popo. Au subiri nije twende pamoja Teremi tukaone maporomoko, maji yale ni mazuri na hayana popo.

Sasa mzigo. Omena nimezifunga kwenye karatasi mara mbili na mfuko juu yake. Ni za nyanya, mpe siku hiyo hiyo, usiziache begini zikanukisha yunifomu. Samaki wawili waliokaangwa ni wa mzee na mkewe, wale kabla ya kesho yake. Kile kitambaa cha buluu ni cha mama wa nyumba, aliniomba. Madaftari na kalamu ni za wajukuu, wagawie sawasawa, yule mdogo ana wivu. Gambuti ni zako, usidharau, utazivaa kuanzia Machi mvua zikianza.

Ukishapata chumba cha kupanga, usihame kimyakimya asubuhi moja ukiwaachia ufunguo mezani. Waambie wiki mbili kabla wapate mgeni mwingine, lipa deni lote mpaka la sabuni, na chumba kipya wakione kwanza wao, wanaijua mitaa na wenye nyumba kuliko wewe. Nitapanda huko vitunguu vikianza kuvunwa. Mwambie mzee anichungulie kwa jirani zake bei ya gunia imefika wapi na kama wameshaanza kung'oa, na vile vilivyonyeshewa vikiwa shambani asinihifadhie, vinaozea njiani.

Mimi mama yako,
Kisumu